Sura ya Nne: Nyoka Anayefoka

Nyoka wa kwanza niliyemwona California alikuwa amekwisha kufa. Jirani yetu alimkata kwa beleshi saa tatu asubuhi, mwezi wa Mei, kwenye njia ya saruji inayoingia gereji yake, kisha akatuita tukaone. Alikuwa mrefu kuliko mpini wa beleshi lenyewe, rangi ya majani yaliyokauka juani, na mgongoni mabaka ya kahawia yamefuatana toka shingoni mpaka mkiani. Jirani alikuwa bado anatetemeka. Alisema ni yule nyoka wa kayamba, mwenye sumu, ambaye watu wa bonde la Sacramento huwafundisha watoto wao kumkimbia. Hakuwa na shaka, kwa kuwa alimsikia mwenyewe: mkia ulichakarisha majani makavu, kichwa kikapanuka pembe tatu, halafu ikatoka sauti kama ya tairi la lori linalotolewa upepo.

Mimi nimekulia Muheza. Kwetu nyoka akiingia uani kinachoulizwa ni fimbo iko wapi. Jina lake litatafutwa baadaye, kama litatafutwa. Nikampa jirani mkono. Binti yangu, wakati ule ana miaka 11, hakusema kitu. Aliokota kijiti, akachuchumaa, akaugeuza mkia. Ulikuwa mwembamba, umechongoka kama penseli, na ncha yake haina chochote. Akakigeuza na kichwa. Mboni ya jicho ilikuwa ya mviringo, siyo ule mwanya wa paka walioonyeshwa shuleni.

"Baba," alisema, "huyu siye."

Tulirudi nyumbani bila kuongea. Jioni hiyo ndipo nilipoanza kusoma, na kwa muda wa miaka saba sasa sijaacha.

Wamarekani humwita nyoka huyu kwa jina la mnyama ambaye yeye humla. Gofa ni mchimba mashimo wa jamii ya panya, mwenye mifuko ya ngozi mashavuni anamobebea chakula. Hula mizizi na kutapanya vichuguu vya udongo shambani, kazi ile ile anayoifanya fuko katika viazi vyetu. Nyoka gofa humfuata humo humo shimoni. Jina lake la kisayansi ni Pituophis catenifer, na hilo la pili, alilopewa na Mfaransa Blainville mwaka 1835, maana yake ni mbeba mnyororo, kwa ajili ya yale mabaka ya mgongoni. Anaishi toka kusini mwa Kanada hadi Meksiko, na toka pwani ya Pasifiki hadi nyanda za kati za Marekani, ambako yupo ndugu yake mkubwa anayeitwa nyoka fahali na anayeweza kupita mita 2. Kisiwani Santa Cruz, mbele ya pwani ya California, yupo mwingine aliyedumaa, ambaye kwa kawaida hafiki hata mita 1. Wa kwetu bondeni huwa kati ya mita 1.2 na 1.8. Wote hawana sumu. Huua kwa kubana.

Sasa tuirudie ile sauti, maana ndiyo iliyomuua. Nyoka wengi hufoka, lakini huyu ana chombo chake. Sakafuni mwa kinywa chake, penye tundu la koo la hewa, pamesimama kiwambo chembamba cha nyama. Akivuta hewa na kuisukuma kwa nguvu kutoka katika pafu lake refu, kiwambo kile hutetemeka, na sauti hutoka nzito na ya kukwaruza, kubwa kuliko mwili unaoitoa. Hapo hapo hutandaza mataya kichwa kionekane kipana kama cha nyoka wa sumu, hujikunja tayari kuruka, na mkia huupigapiga kwenye majani. Ukisimama hatua tano mbali, huku moyo unakwenda mbio, huwezi kutofautisha.

Afrika tunao mfano wake. Yupo yule nyoka mla mayai, mdogo, asiye hata na meno ya maana, ambaye akitishwa hujikunja pete juu ya pete na kuyasugua magamba yake mpaka yatoe mchakacho kama wa nyoka wa sumu mwenye magamba ya msumeno. Naye huuawa kwa sababu hiyo hiyo. Hila iliyotengenezwa kwa ajili ya mwewe na mbweha humgeukia mwenyewe anapokutana na mtu mwenye beleshi.

Nimewasikia watu wakisema nyoka gofa ni mkali. Sikubali. Amejaliwa silaha moja tu, nayo ni vitisho, kwa hiyo huitumia yote kwa mara moja. Kumfuga, kama nilivyokuja kuelewa polepole, ni kumwondolea sababu ya kufoka.

Tulimpata wetu kwenye maonyesho ya wafugaji wa wanyama watambaao, ukumbi mkubwa wenye mamia ya vikopo vya plastiki vyenye vitundu, na ndani ya kila kikopo nyoka mchanga amejikunja kama ufunguo wa chuma. Mzee aliyetuuzia alikuwa amewatotolesha mwenyewe. Jambo hili ni la kwanza kwa uzito, na ningelitia wino mwekundu kama mchapishaji angekubali: nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, usimwokote porini. Wa porini huja na minyoo na utitiri, huja na hofu yake yote, na wengi hugoma kula mpaka wakafa. Sheria nazo hutofautiana jimbo kwa jimbo. California, mtu mzima anayetaka kukamata nyoka wa asili lazima awe na leseni ya kuvua samaki, ajabu lakini ndivyo ilivyo. New Jersey, binamu yake aitwaye nyoka wa misonobari yumo katika orodha ya wanyama wanaotishiwa kutoweka, na hagusiki. Hawaii hairuhusu nyoka wa aina yoyote kufugwa nyumbani, na faini yake inafika dola 200,000. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ajue pia kwamba sheria za wanyamapori, ya Kenya ya 2013 na ya Tanzania ya 2009, hazimruhusu mtu kufuga nyoka kwa utashi wake bila kibali.

Mzee yule alitufundisha namna ya kuchagua. Binti yangu alivutiwa na mmoja mwenye rangi ya machungwa iliyokolea. Mzee akatikisa kichwa, akatoa daftari. Kila nyoka alikuwa na ukurasa: tarehe aliyotoka yaini, tarehe alizokula, alichokula. Yule wa machungwa alikuwa amekula mara mbili tu. Aliyekuwa pembeni, wa kawaida kabisa, alikuwa amekula mara saba bila kukosa. Tukamchukua huyo. Alikuwa jike, urefu wake kama sentimita 40, na tulipofungua kikopo nyumbani alifoka mpaka mwili wake wote ukavimba na kunywea kama kiriba cha mhunzi.

Usiku ule nilimpigia mama simu. Kwao kulikuwa kumekucha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Tumemnunulia nyoka."

Kimya. "Nyoka wa nini?"

"Wa kufuga, mama. Hana sumu."

"Sikukuuliza sumu. Nimekuuliza wa nini."

Nikajaribu kumweleza habari za gofa na mashamba ya lozi. Akanikatiza. "Bibi yako, Mungu amrehemu, usiku hata jina lake alikuwa halitamki. Alisema kamba. Kamba imepita, kamba iko darini. Leo wewe umemweka ndani na unamlisha."

"Mjukuu wako ndiye anayemlisha. Na amempa jina. Anamwita Mkeka."

"Mkeka?"

"Anasema mgongo wake umesukwa kama ule mkeka uliomtumia."

Akanyamaza tena, safari hii zaidi. Mama husuka mwenyewe. Ukili anautia rangi kwa mkono. "Ule wa rangi mbili?"

"Ule."

"Haya," alisema. "Basi mtunzeni, msije mkamtesa mnyama wa watu."

Kumtunza kunaanza na joto. Nyoka hana moto wake mwilini. Huuchukua nje, akiutaka husogea na ukimzidi huondoka. Kwa hiyo hapewi joto moja. Upande mmoja wa sanduku lake huwa nyuzi 31 hivi, upande wa pili nyuzi 23, yeye mwenyewe achague, na usiku kote kushuke kidogo. Pasipo joto chakula hakisagiki, kinamwozea tumboni. Taa au zulia la joto lazima lipite kwenye kidhibiti joto, na kipimo kisimame pale pale anapolala, si ukutani. Mawe ya umeme yanayouzwa madukani niliyarudisha. Nyoka hahisi haraka kwamba tumbo lake linaungua, hulala hapo hapo mpaka ngozi inatoka.

Sanduku la mtu mzima liwe na urefu wa sentimita 120 na upana wa 60 angalau, kwani huyu ni nyoka anayetembea. Wapo wanaoridhika kujikunja kona moja juma zima. Nyoka gofa hazunguki sanduku lake kwa sababu amechoshwa nalo tu, huzunguka kwa sababu maisha yake ni kukagua mashimo. Lakini nyoka mchanga mwanzie kwenye kisanduku kidogo. Uwanja mpana humtisha, akagoma kula. Mfuniko uwe na kufuli: pua yake ina gamba kubwa la mbele, gumu, la kufukulia udongo, na kwa pua hiyo hiyo husukuma mfuniko usiku kucha. Chini mwagia maranda ya mti uitwao aspeni, kina cha kiganja na zaidi, apate kuchimba. Usitumie maranda ya mwerezi wala msonobari, hata kama seremala anakupa bure. Ile harufu yake nzuri ni mafuta, na mafuta hayo huumiza mapafu yake. Mpe na mapango mawili, moja kila upande, ili asilazimike kuchagua baina ya joto na maficho. Maji safi. Basi.

Chakula ni panya waliogandishwa. Hununuliwa kwa ukubwa, toka mtoto mwekundu asiye na manyoya mpaka panya mkubwa, na hukaa kwenye friza ndani ya kasha lao, mbali na samaki wa nyumbani. Mke wangu alitaka friza yao peke yao, na alikuwa na haki. Panya wa mlo humtoa jana yake akayeyuka ndani ya jokofu, kisha humtia kwenye mfuko na kumwacha kwenye maji ya moto mpaka awe na joto la kiumbe hai. Panya wa maikrowevu hupasuka. Panya aliye hai, ambaye wengine hupenda kumtumia kwa kuona ndiyo asili, huuma. Nimeona picha za nyoka aliyeliwa mgongo mpaka mifupa kwa kuachwa usiku mmoja na panya ambaye hakuwa na hamu naye. Nyoka mchanga hula kila siku tano hadi saba, mkubwa kila siku kumi hadi kumi na nne. Unene wa panya usizidi sana unene wa nyoka pale alipo mpana.

Siku moja binti yangu aliweka ndani ya sanduku bomba la karatasi, lile la katikati ya karatasi za jikoni, akalibana dhidi ya kioo tuone kinachoendelea ndani. Akaingiza panya wawili wadogo, mmoja nyuma ya mwingine. Mkeka aliingia polepole, ulimi unatoka na kurudi. Alimshika wa kwanza kwa mdomo, lakini nafasi ya kujizungusha haikuwepo. Nilidhani atatoka naye nje. Hakutoka. Aliukunja mwili kidogo tu, kama goti, akambana panya dhidi ya ukuta wa karatasi. Halafu, mdomo ukiwa bado kwa wa kwanza, kipande kingine cha mwili wake huko nyuma kilimfikia wa pili na kumbana vile vile. Karatasi ilivimba. Panya walikuwa wamekufa siku nyingi, yeye hakujali. Alikuwa anafanya kile ambacho mababu zake hufanya ndani ya shimo la gofa, ambamo hakuna nafasi ya kukunja pete na windo linaweza kuwa kiota kizima. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na miezi minne, na hajawahi kukanyaga, kama naweza kusema hivyo, udongo wa Mungu.

Kosa kubwa lilitokea juma la tatu, na ruhusa niliitoa mimi. Marafiki wa binti yangu walikuja, wakataka kumshika, nami nikasema haya, huku najua alikuwa amekula jana. Walimpitisha mkono kwa mkono, watoto watano. Jioni tukamkuta amemtapika panya mzima, amelowa na ananuka, na yeye mwenyewe amejibana kona, mwembamba kama uzi. Nyoka akitapika hatapiki chakula peke yake. Hutapika na asidi ya tumbo, hivyo koo linaungua na mwili unapoteza maji. Nilimpigia simu mzee wa daftari. Hakunikemea. Alisema: msimguse, maji yawepo, siku kumi na nne bila chakula, halafu mpe panya nusu ya yule wa mwanzo. Siku kumi na nne zilikuwa ndefu. Binti yangu alikuwa akirudi shule anakaa mbele ya kioo bila kugusa kitu, na mimi nilikuwa nikimpita pale najua ni nani aliyesema haya. Alipokula kale kapanya kadogo na kukashikilia tumboni, nililala vizuri. Tangu hapo saa 48 baada ya mlo hapana mkono unaoingia humo.

Ndipo tukaanza kumzoesha, safari hii kwa utaratibu. Binti yangu alifungua daftari lake, akachora safu mbili: siku, na mara ngapi amefoka. Ukurasa wa kwanza umejaa vijistari. Tuligundua kwanza kwamba mkono ukishuka toka juu, hufoka. Ukija toka ubavuni, mara nyingi hapana. Kwa mnyama aliyeumbwa akimwogopa mwewe, hilo lina maana. Tukagundua kwamba kumkamata kwa vidole viwili ni kama kumdona, lakini ukipitisha kiganja kizima chini ya tumbo lake na kumwinua kama unavyoinua kanga iliyolowa, hutulia. Dakika tano, siku moja baada ya nyingine. Na jambo moja ambalo lilikuwa gumu kwangu kuliko kwa mtoto: akifoka, usiuondoe mkono. Ukiuondoa umemwambia kwamba kufoka kunafaa. Ukiuacha pale pale umetulia, bila kumsogelea wala kumkimbia, hufoka mara ya pili, ya tatu kwa sauti ya chini, kisha ulimi hutoka. Ulimi ukitoka ameacha kutisha, ameanza kuuliza.

Mwezi wa nne ukurasa ulikuwa mweupe. Sisemi alitupenda. Sijui ningelijuaje hilo. Ninachosema ni kwamba alikuja kuipita mikono yetu yenye joto kama anavyopita tawi, na hakuona tena haja ya kujifanya mwingine.

Isipokuwa siku za kujivua gamba. Kabla ya kujivua, majimaji hujitandaza kati ya ngozi ya zamani na mpya, na kwa kuwa nyoka hana kope, ngozi hiyo imepita hata juu ya jicho. Macho huwa ya samawati, yenye ukungu, kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Haoni. Hapo hurudi kufoka kwa kila kivuli, na ana sababu. Mwache. Mpe kibanda chenye majani mabichi au kitambaa kilicholoweshwa. Baada ya siku chache macho hung'aa tena ghafla, na usiku mmoja husugua pua kwenye jiwe mpaka ngozi ifunguke mdomoni, akaivua kama soksi, imegeuka ndani nje, toka mdomoni mpaka ncha ya mkia. Hakikisha vifuniko viwili vya macho vimetoka, ni kama lenzi ndogo. Binti yangu ameyahifadhi magamba yote kwenye bahasha. La kwanza linatosha kalamu. La mwisho limeshinda urefu wake yeye.

Kuhusu afya nitasema machache. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, kwani wanyama watambaao hubeba salmonela bila wao kuugua, na watoto walio chini ya miaka mitano wasiwashike kabisa. Utitiri huonekana kama punje nyeusi zinazoelea kwenye maji ya kunywa. Unene ni ugonjwa wa mapenzi: wenye kuwapenda huwalisha mno. Na mfugaji wa nyoka huyu ana mtego wake peke yake, maana nyumba ikishazoea sauti ya pumzi zake, homa ya mapafu inaweza kupita bila kusikika. Kufoka kwa hofu huja na mwili mzima, na huisha hofu ikiisha. Pumzi inayopiga mluzi akiwa amelala, mdomo uliofunguka kidogo, povu pembezoni mwa midomo, hiyo ni safari ya daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na si kila daktari wa mifugo amesomea nyoka. Mtafute kabla hujamhitaji.

Jambo jingine watu hawaliulizi dukani. Nyoka gofa akitunzwa anaweza kupita miaka 30. Aliyenunuliwa na mtoto wa miaka 11 atakuwepo mtoto huyo akiwa na watoto. Na akishazeeka mikononi mwako huwezi kumwachilia porini, kwa kuwa maradhi ya sandukuni humfuata huko, yakiwapata wale ambao hawakuwahi kukuomba chochote. Sasa binti yangu amekwenda chuo, na bweni lake haliruhusu. Kwa hiyo Mkeka ni wangu. Kila Ijumaa nampigia binti yangu picha ya nyoka huyo, tunaongea juu yake nusu saa, na juu ya mambo mengine ambayo bila yeye tusingeyafikia.

Masika ya mwaka wa pili jirani alitupigia simu. Alikuwa amesimama mwisho wa ua wake, beleshi mkononi, na kwenye kivuli cha mlozi kuna kitu kinafoka. Tulibaki mbali, binti yangu akakuza picha kwa simu yake: shingo nene karibu sawa na kichwa, mboni ya mviringo, mkia umechongoka. Hii ndiyo njia. Usiende kumkagua nyoka kwa karibu ili kuthibitisha kwamba hana sumu. Jirani aliitazama ile picha muda mrefu. Kisha akaliegemeza beleshi ukutani, tukasimama watatu tukamngoja mpaka aliponyooka, akatambaa taratibu, akaingia kwenye tundu la gofa lililokuwa limemharibia nyasi zake tangu Januari.

Mwaka wa nne tuliamua kumzalisha. Tuliacha kumlisha mwanzoni mwa Novemba, tukampa majuma mawili ya joto tumbo liishe kabisa, kisha tukamhamishia gereji, ambako baridi ya majira hushuka hadi nyuzi 12. Alilala huko hadi mwisho wa Januari, akinywa maji tu. Mzee wa daftari akatuazima dume mwezi wa Machi. Mwezi wa Mei tumbo lilikuwa limevimba kuelekea mkiani, akawa anafukua usiku kucha, na asubuhi moja tulimkuta ndani ya boksi la majani mabichi lenye unyevu amezunguka mayai 8, meupe, laini kama ngozi ya viatu vya mtoto, yameshikamana. Yai la nyoka halipinduliwi kama la kuku. Likipinduliwa, kilichomo hufa. Tulitia alama ya penseli juu ya kila yai, tukayahamisha yakiwa vile vile, tukayazika nusu kwenye vermikulaiti yenye unyevu, nyuzi 28, tukafunga.

Siku ya 66 yai la kwanza lilikatika. Mkato mmoja, mwembamba kama wa wembe, uliopasuliwa na kijino cha mdomoni ambacho hudondoka baadaye. Ute ulitiririka. Pua ikatokeza, ikarudi ndani. Mtoto wa nyoka hana haraka. Anaweza kukaa siku nzima na zaidi na kichwa tu nje, akimalizia kiini. Binti yangu alikuwa nyumbani, likizo. Tulivuta viti viwili, taa tumeipunguza, mama yuko kwenye simu toka Muheza, amesimamishwa juu ya rafu ili naye aone.

Saa nne usiku kichwa kilitoka tena, safari hii na shingo. Nilisogea nione vizuri, na kivuli changu kikapita juu ya yai. Kile kichwa, ambacho hakijafikia hata ukucha wa kidole gumba, kilijitandaza pembe tatu, na mwili wote, nusu bado umo ndani ya ganda, ukavimba na kufoka.

"Nimeisikia," mama alisema kwenye simu. "Hiyo kamba nimeisikia."

Binti yangu aliniwekea mkono begani, akanirudisha nyuma taratibu, mpaka kivuli kikaondoka. Tukangoja. Ulimi ukatoka.